Baba Watatu, Nafasi Moja

Milango ya uwanja wa ndege wa ugenini ilijifungua yenyewe, na sakafu iling'aa mpaka fundi cherehani akaliona pindo la gauni lake chini. Alipokwisha kushangaa hayo, akakuta makubwa zaidi: nyuma ya ukuta wa kioo, hatua ishirini tu, amesimama mume wake. Miaka miwili na nusu alikuwa akimwona kwenye simu, uso mtupu kama picha ya pasipoti. Leo ana miguu! Amevaa aproni yenye unga, maana alitoka mbio kwenye tanuri la mikate. Fundi akampungia mkono.

Kati yao aliketi afisa wa uhamiaji, mama wa makamo mwenye miwani, na faili alilojaza mume kumdhamini mkewe. Kwenye meza, simu ilitoa sauti ya mkalimani, Kiswahili safi kabisa. Fundi akaiamkia ile simu shikamoo, nayo ikaitikia.

"Nani alikusindikiza uwanja wa ndege?"

"Baba mkwe," akajibu kwa fahari. "Alinibebea begi mpaka mlangoni."

Mkalimani akatafsiri hivyo hivyo, hakutia chumvi. Afisa akafunua faili, akavua miwani.

"Hapa mumeo ameandika baba yake alifariki miaka tisa iliyopita."

"Ndiyo. Mungu amrehemu."

"Na jana akakubebea begi?"

Fundi akaeleza haraka. "Wa begi ni baba mdogo. Na baba mkubwa yupo, ila magoti yanamsumbua, hakuja."

"Kwa hiyo mumeo ana baba wangapi?"

"Watatu. Mmoja katangulia."

Afisa hakucheka. Fomu ina nafasi ya baba mmoja, alisema, na yeye kazi yake ni kunusa ndoa za uongo. Maelezo yasipolingana, fundi atarudi na ndege ya leo leo. Akainuka, akaenda upande wa pili wa kioo.

Fundi hakusikia neno. Alimwona mume akiinamisha kichwa, akisikiliza, akikunja uso. Mume wangu, usijibu kwa kufuata fomu, aliomba kimoyomoyo. Jibu kama uko nyumbani.

Mume akainua vidole vitatu. Kisha, taratibu, akakunja kimoja.

Mwili ulimsisimka fundi kuanzia kisogoni. Ile milango na ile sakafu vyote vilimtoka akilini. Mtu amekaa ugenini muda wote huo, na ukoo mzima bado anao kiganjani, walio hai na marehemu wao. Akastaajabu kwamba mtu huyo ni wake.

Afisa akarudi, akagonga muhuri, kisha akaandika majina ya wale baba wawili walio hai pembeni mwa fomu, pasipo na nafasi.

Mlango wa kioo ukajifungua. Wakasimama wanatazamana kama wageni, kila mmoja hajui aanzie wapi. Mwishowe mume akaanza na salamu.

"Baba hajambo?"

"Yupi?" akauliza fundi.

Mume akaangua kicheko. Akamkumbatia na unga wake wote, pale pale mbele ya afisa.