Bustani ya Meno ya Verlin Ratliff

Shelby Ratliff alikuwa ameweka simu juu ya meza ya jikoni, spika imefunguliwa, muziki wa kusubiri unarudia zeze lilelile, naye anakoroga maharagwe. Baba yake, Verlin, akaingia kutafuta blanketi. Ilikuwa Aprili, na redio ilikuwa imesema umande ungeganda. Bonde zima la Caney watu walikuwa wakifunika miche ya nyanya. Verlin naye alikuwa na nyanya, lakini blanketi alilitaka kwa ajili ya meno.

"Chukua lile la bluu," Shelby akasema. "La njano lina matundu."

"La bluu nimeshawafunikia akina Combs."

"Basi chukua langu."

"Lako halitoki nje."

La Shelby lilikuwa la viraka. Marehemu mama yake alilishona akiwa mgonjwa, akalimaliza wiki ambayo Shelby alipata shahada ya historia, wa kwanza katika ukoo mzima wa Ratliff kuvaa joho. Lilikaa limekunjwa juu ya kabati na hakuna aliyelilalia. Verlin akachukua la njano, akatoka.

Muziki ukakatika. Mwanamke wa shule ya udaktari wa meno akashukuru kwa kusubiri. Shelby akazima jiko na kueleza shida yake: shahada anayo, ila hana masomo ya sharti, yaani kemia, baiolojia na fizikia. Ayasomee wapi? Nyuma ya mlima kuna chuo cha jamii, cha miaka miwili. Chuo kikuu kipo, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Na mtandao upo.

"Chuo cha jamii hatukikatai," mwanamke akasema. "Ila hatukipendelei."

"Kutokipendelea maana yake nini?"

"Maana yake hatukikatai."

"Na mtandaoni?"

"Maabara za mtandaoni hatuzipokei. Wakati wa korona tulizipokea. Sasa hatuzipokei."

Meno yalianza vuli iliyopita. Madaktari wa kujitolea walikuja kutoka mijini, wakapanga viti vyao katika uwanja wa maonyesho, pale pale wanaposhindanisha ndama na maboga. Watu walilala ndani ya magari ili wawahi foleni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wenyeji walipona kwa kung'olewa, maana kuziba tundu kunataka muda, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Verlin aling'olewa yote yaliyobaki. Akayaomba, akapewa ndani ya kikombe cha karatasi.

Wote waliyaomba. Caney jino halitupwi ovyo, kwa sababu mbwa akilikanyaga, mwenyewe ataota la mbwa. Hufukiwa. Udongo wa Verlin ulikuwa laini kuliko wa wengine, kwa hiyo majirani wakaja na vikombe vyao, wakafukia kati ya matuta ya maharagwe, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Theluji ilipoyeyuka, meno yakachomoza.

Yalichomoza na maradhi yake yote. Lililokuwa limeoza liliendelea kuoza, na uchungu ulimfuata mwenyewe popote alipo, hata kama fizi zake zilikuwa tupu kama za mtoto mchanga. Baridi ikishuka, bonde zima lilishika mashavu. Ndiyo maana ya mablanketi.

Jino la Bi Opal, jirani wa ng'ambo ya kijito, halikung'olewa na mtu. Bi Opal alikuwa akingoja nafasi katika kliniki ya mjini tangu mumewe akiwa hai. Siku moja alibandua ile namba ya simu kwenye friji, akaichana, akasema imetosha. Alipokuwa akisuuza sahani akasikia ulimi umeingia kwenye pengo. Jioni Verlin akalikuta jino limesimama karibu na kabichi. Baada yake yakaja mengine ya namna hiyo, ya watu waliokuwa wamechoka kungoja, na Verlin akayapa nafasi.

Habari zilifika kwenye bodi ya jimbo ya udaktari wa meno. Bodi ikamtuma mkaguzi, Bwana Pruitt, mtu mpole aliyevaa buti za mpira. Alichuchumaa, akagonga jino moja kwa kalamu. Sauti ya mtu kupiga kelele ikasikika kutoka nyumba ya jirani, kwa akina Combs.

"Bustani yenye meno ni kinywa," Bwana Pruitt akasema. "Hakuna kuziba, kusafisha wala kung'oa bila leseni. Kumwagilia mnaruhusiwa."

Akaizungushia bustani kamba, akachomeka kibendera cha rangi ya chungwa kando ya kila jino, akaacha ndoo ya vibendera vya akiba.

Gego la Verlin lilikuwa karibu na uzio, na tundu lake lilikuwa limefika ukubwa wa punje ya njegere. Shelby aliliona kwa macho yake kila alipopita na ndoo. Verlin alikuwa hali tena ila supu, na usingizi wake aliupata kwa vipande, kwenye kiti cha barazani. Daktari wa mwisho wa meno katika bonde alistaafu zamani, na ofisi yake sasa inauza chambo cha samaki. Nani angekuja? Hakuna. Basi Shelby akaamua kwamba daktari huyo atakuwa yeye, na kilichobaki kilikuwa kuchagua pa kuanzia, na pale pa kuanzia ndipo alipokuwa amekwama tangu theluji ilipoyeyuka.

"Unachagua chuo kama anayechagua mume," Bi Opal alimwambia, akimenya viazi barazani. "Nenda hapo nyuma ya mlima. Kemia ni kemia. Kwani maji ya chuo kikuu yana haidrojeni tatu?"

"Hawapendelei, Bi Opal."

"Hata mimi sikumpendelea marehemu. Tulikaa miaka arobaini."

Shelby akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Alitaka kukaa karibu. Akienda chuo kikuu, nani angemwinua baba kitini? Na akisoma hapa, halafu mtu mmoja wa shule ya meno asipendelee, miaka yake miwili ingekwenda na maji. Aliogopa, na hofu ile ilikuwa imemkondesha kuliko supu ilivyomkondesha baba yake.

"Nenda mbali, mwanangu," Verlin akasema. "Mimi siku hizi halinisumbui hata kidogo. Nimelisahau."

Jioni hiyohiyo Shelby alimwona baba yake kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa ameruka kamba, amepiga magoti kando ya uzio, anadondosha mafuta ya karafuu ndani ya gego lake huku akiangalia barabarani kama mwizi wa kuku. Shelby hakutoka. Alirudi mezani akachagua chuo kikuu, kwa sababu kadiri atakavyopendelewa mapema ndivyo atakavyorudi mapema.

Chuo kikuu kilimpokea kwa furaha na kumtakia heri. Kisha kikamweleza utaratibu: wasio na shahada huchagua madarasa kwanza, na mwenye shahada tayari huchagua siku ya mwisho, maana yeye ameshakula, awaachie wenye njaa. Siku ya mwisho Shelby aliamka mapema na kufungua kompyuta. Kemia ilikuwa imejaa. Baiolojia imejaa. Fizikia imejaa, na orodha ya kungojea nayo imejaa. Nafasi moja ilikuwa imebaki katika darasa la gofu.

Akawasha pikapu, akapanda mlima hadi chuo cha jamii. Dirishani alikaa Tammy, aliyesoma naye sekondari.

"Shelby Ratliff! Nafasi? Mama, nafasi zipo tele, chagua kiti unachotaka."

"Kemia?"

"Kemia ipo. Ila mwalimu wa maabara ametuacha Februari, amepata kazi jimbo la pili. Maabara utafanya kwenu. Wanakutumia sanduku kwa posta, na miwani ya plastiki humo ndani, halafu unajirekodi."

"Hiyo ni maabara ya mtandaoni, Tammy."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Hawazipokei."

Tammy alimtazama kwa huruma ya kweli. "Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema, "lakini si afadhali kidogo? Wenzako wanalichukua somo hilo."

Shelby hakulichukua. Alikaa ndani ya pikapu kwenye maegesho ya chuo na kupiga simu shule ya udaktari wa meno. Zeze likalia hadi kioo cha gari kikaingia ukungu. Safari hii alipokea mwanamume, kijana, mwenye sauti ya kujali. Shelby akamweleza yote tangu mwanzo, chuo kikuu kilichojaa, sanduku la posta, gego la baba yake.

"Nimekuelewa kabisa," kijana akasema. "Sisi tunamshauri kila mwombaji achague njia inayomfaa."

"Ipi?"

"Inayokufaa wewe."

Akamshukuru. Alikuwa amelelewa kushukuru. Kisha akafuta namba ile kwenye simu yake na kuendesha kurudi nyumbani polepole, nyuma ya lori la magogo, bila kujaribu kulipita.

Ilikuwa Mei, na ile baridi inayorudi beri nyeusi zinapotoa maua ilikuwa imerudi. Verlin alikuwa bustanini akitandaza mablanketi. Shelby akashika upande wa pili bila kuulizwa. Walifunika akina Combs, wakamfunika Bi Opal, wakafika mwisho wa tuta, mahali ambapo asubuhi palikuwa udongo mtupu. Palikuwa na jino. Lilikuwa dogo, jeupe, limesimama wima.

"Hili la nani tena?" Verlin akauliza.

Shelby alipitisha ulimi upande wa kushoto, juu, nyuma. Ukapita moja kwa moja.

"Langu," akasema.

Verlin akapiga magoti kwa shida, akaliangalia kutoka kila upande, muda mrefu. Akachukua kibendera ndooni, akakichomeka kando yake.

"Zima kabisa," akasema. "Halina hata tundu."

Kisha akashika uzio, akainuka, akaenda ndani kushusha blanketi la viraka juu ya kabati.