Imeganda Vizuri Kabisa

"Imeganda vizuri kabisa, bibi zangu," mwenye duka alisema, akaniwekea mkononi kifuko cha nailoni. Alikuwa anatabasamu. Ndani ya kifuko ilikuwamo chupa ndogo ya insulini ya wifi yangu, nyeupe kwa ukungu, na baridi yake ikaniunguza kiganja. Nikaitikisa karibu na sikio. Haikucheza.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, mtu wa sindano asubuhi na jioni. Tulikuwa tunakwenda kwa binti yangu aliyejifungua, naye alikataa katakata kubaki. "Mjukuu wa kaka yangu aione sura yako peke yake? Ataomba arudi alikotoka."

Kabla ya safari tulipita kwa nesi. Alituonyesha chungu kidogo cha udongo cha kuwekea dawa, na kitambaa kibichi cha kukizungushia. Kitambaa kisikauke, chungu kisionje jua. Joto, joto, joto, alilirudia neno hilo mpaka wifi akaanza kumwitikia kama yuko ngomani. Kisha wifi akatoka nje kutafuta kandambili zake, na hapo nesi akanishika mkono. "Na isigande, bibi. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri."

Nilimwambia wifi palepale mlangoni. Lakini mtu alikuwa amevaa kandambili zake kwa makosa, naye alikuwa anamcheka. Akanijibu ndiyo, ndiyo, kama anayefukuza nzi.

Basi letu likafia njiani mchana, mahali palipokuwa na duka moja na jua tele. Ndani palikuwa tanuri. Kitambaa kilikauka mikononi mwangu. Nikachukua maji yetu ya kunywa nikayamimina juu ya chungu, na wifi, ambaye kiu ya sukari haimpi nafasi, akayatazama yakishuka.

"Dawa inakunywa kuliko mgonjwa," alisema, akameza mate.

Nikashuka kutafuta maji mengine. Niliporudi nilimkuta amekaa kivulini, roho kwatu. Dawa ameshaipatia makao, alisema. Amemwomba mwenye duka amwekee kwenye friji. Nami nikashusha pumzi. Friji kweli ilikuwapo. Ila friji ya mwenye duka ilikuwa ile ya kugandishia barafu za kuuza. Nyingine hakuwa nayo, na neno lingine la kuiita hakuwa nalo. Mwanamke wa watu aliisukuma chupa mpaka chini kabisa, katikati ya mabarafu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chumba cha ndani.

Tulimshukuru. Ungemwambia nini?

Basi likatengenezwa, likaondoka, chupa ikiyeyuka mapajani mwangu. Jua lilipoinama ilikuwa imerudi kuwa maji, angavu, kama jana na juzi. Wifi alikuwa ameshashika sindano.

"Leta."

"Imekufa hii."

"Nani kasema?"

"Nesi. Na nilikwambia."

"Hebu iangalie, ina kasoro gani? Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi hata uwe daktari?"

"Lile ambalo wewe hukulifikia."

Abiria wa mbele akacheka. Sisi hatukucheka.

"Basi hata kama imechoka, nichome hiyohiyo," alisema, sauti imeshuka. "Sina nyingine."

Hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Najua angejichoma, angeamini, angekula akashiba, na mimi ningeamini pamoja naye, tukalala usingizi. Nikafungua dirisha nikairusha.

Alilitazama lile dirisha kwa muda mrefu.

"Umenitupa, wifi."

Hakusema umeitupa. Alisema umenitupa.

Kwenye vituo vilivyofuata nilishuka nikagonga maduka ya dawa. Walikuwa na dawa za mafua na za minyoo. Wifi alikunywa maji, akaomba dereva asimame, akanywa tena. Pumzi yake ikaanza kunuka kama tunda lililoiva likapitiliza. Halafu maneno yakamwisha, kichwa chake kikanilalia begani, kizito, yeye ambaye hajawahi kuniegemea kwa lolote tangu nilipoolewa kwao.

Asubuhi tulimshusha kwa kumbeba, moja kwa moja hospitali. Nilimweleza daktari yote. "Ilikuwa imeharibika, ndiyo," alisema, akipapasa mshipa bila kuinua uso. Nilitaka aseme kwa sauti zaidi. Nilitaka aseme na wifi asikie. Lakini wifi hakuwa wa kusikia siku ile, wala iliyofuata.

Alipofumbua macho aliutazama mpira wa dripu, akanitazama mimi. La chupa hakuligusa. Hajaligusa mpaka leo.

"Wifi."

"Naam."

"Na kurudi, tutarudi vipi?"

Nje jua lilikuwa limeshakuwa jeupe juu ya mabati. Nikasogeza kiti changu, nikakaa upande wa dirisha, kivuli changu kikamwangukia.