Vidole vya Baruti

Nguruwe pori dume alikuwa amempasua jirani yetu Kefa paja shambani kwake, hapa Mahongole, na wanaume walikubaliana kumsaka mnyama huyo asubuhi. Bunduki yenye kibali cha boma la Njombe ilikuwa moja tu, gobore la baba yangu, mzee Hezekia. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo mpigaji angekuwa mume wangu, Yonathani. Jioni hiyo wakaenda bondeni kutafuta kipimo cha baruti kinachopeleka risasi sawasawa. Hakuna aliyenialika, lakini moyo haukunipa kubaki nyumbani.

Gobore hujazwa kwa mdomo: baruti, kisha tambara, kisha risasi, vyote vikishindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa chuma. Sehemu ya mdeki inayobaki nje ya mtutu ndiyo hupimwa kwa vidole. Baba hakuruhusu mtu mwingine ajaze. Yonathani naye, kama mkwe yeyote mwenye adabu kwetu, alisimama pembeni amempa mgongo mpaka aitwe, kisha akapokea bunduki macho chini. Adabu hiyo ilinichosha tangu harusi.

Vidole viwili na vipande vya sufuria badala ya risasi: ungo mkuukuu tulioutundika kwenye kichuguu ukatoboka pembeni tu, kama umetafunwa na panya. Vidole vitatu na risasi moja ya duara: ikachimba udongo chini ya ungo. Baba akasema vinne. Nikamkumbuka mtu mmoja wa Matembwe ambaye baruti ilizidi, mtutu ukampasukia akapoteza jicho.

Baba akajaza, akashindilia, akapima, akaenda kuuweka sawa ungo uliokuwa umeinama. Aliporudi akashika pembe ya baruti, akamimina tena.

Nilidhani nimeona vibaya. Lakini akaweka tambara, akaweka risasi, akashindilia, na kwa kuwa ukungu ulikuwa unashuka akafanya haraka, hakupima. Nikamuuliza kama hakuwa amejaza tayari. Akanikemea kwamba alikuwa akijaza bunduki kabla mama yangu hajanizaa. Akamwita Yonathani.

Mume wangu akapokea, akapachika fataki ya kuwashia baruti, akaegemeza kitako begani na shavu juu ya chuma. Nikakimbia nikasimama mbele ya ungo.

“Kama ni vinne, pigeni,” nikasema.

Yonathani akashusha mtutu. Baba akaja amefura kwa hasira, akamnyang'anya bunduki, akaondoa fataki, akatumbukiza mdeki ili anionyeshe ujinga wangu. Akaweka vidole vya mkono mmoja, vikaisha. Akaongeza vya mkono wa pili.

Kisha akamuuliza mkwewe, polepole, kama alijua kwamba imejazwa mara mbili.

“Nilisikia ukishindilia mara mbili, baba,” Yonathani akasema, bado anatazama majani.

“Na ungepiga?”

“Wewe ndiye uliyenipa.”

Baba akaketi palepale kwenye majani mabichi, gobore mapajani. Mimi nilitaka kumzaba mume wangu kofi, na nilitaka kumkumbatia. Nikafanya yote mawili, mbele ya baba, bila haya.