Toniki Iliyoisha Gesi

Baba alinifundisha kuchanganya jin na toniki jikoni kwetu, bila jin. Alikuwa mhudumu wa baa ya hoteli kwa miaka ishirini na miwili. Jumapili mchana, shati lake jeupe la kazi likiwa bado linachuruzika maji kambani, aliniketisha mezani na kunipa maji badala ya pombe, soda ya kawaida badala ya toniki, ile soda chungu.

"Barafu ijae mpaka juu," alisema. "Ukiweka vipande viwili vinayeyuka upesi, mteja anakunywa mvua."

Nikishamimina, mkono ulijiendea wenyewe: nikakoroga kwa nguvu, kama chai yenye sukari. Nyumbani tulikoroga kila kitu hivyo.

"Wee mwanangu! Unapiga mayai? Gesi yote umeifukuza. Kijiko kiingie, kizunguke mara moja, kitoke."

Mama akapita nyuma yetu. "Nyinyi wawili, hizo ndimu zangu ni za kupikia."

"Kipande kimoja tu, mke wangu. Na hatukikamui mpaka kilie."

Sasa ni mwaka wa nne tangu tumzike Baba, na bado nikisikia barafu ikigonga glasi nageuka.

Alhamisi iliyopita nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli nyingine, kwenye jaribio la kazi. Niliitaka sana zamu ile ya mchana: ningetoka mapema, nimchukue binti yangu kwa jirani, nimlishe, nimwache na bibi yake, niwahi darasa la jioni.

Mkuu wa baa, mzee wa miwani, akanisogezea chupa ya toniki iliyokwisha kufunguliwa. "Haya binti, jin na toniki. Nifurahishe."

Chupa ilikuwa karibu kujaa. Niliiinamisha, haikutoa hata povu kidogo. Nikasita. Kumkosoa mtu anayekupima, tena hata kazi hujapewa!

"Bosi, samahani. Hii imeisha gesi. Naomba nyingine, ya baridi."

"Imefunguliwa asubuhi tu. Wateja wangu hawajalalamika."

"Labda wana adabu," nikasema, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi.

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akatoa chupa mpya kwenye friji. Nikachanganya, nikamimina toniki taratibu ubavuni mwa glasi, nikampa.

Akaonja. Akaonja tena. Akaichukua ile chupa ya asubuhi, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Jumatatu, saa nne asubuhi," alisema. "Uje na viatu visivyoteleza."

Niliitikia kwa kichwa, nikachukua kitambaa, nikafuta kaunta.