Mzee Aliyeitika Kila Jina

Ujumbe wa kwanza uliingia saa tisa alasiri, Matroni akiwa amepiga magoti sakafuni anamkata mzee kucha za miguu. Simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa aproni. Akajifuta mkono, akaitoa, akaisoma kwa kuinyoosha mbali na uso kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Huyo ni baba yangu. Tumemtafuta miaka tisa. Nawaomba msimpe mtu mwingine."

Wiki mbili nzima alikuwa akimwogesha, akimlisha na kumbadilisha mashuka mtu asiyejulikana atokako, na sasa amepata mwenyewe! Akarudi kwenye kazi yake kwa furaha, na kabla hajamaliza mguu wa pili, simu ikatetemeka tena.

"Huyo ni baba mdogo wangu. Nakuja kumchukua."

Matroni akakaa chini kabisa, pembeni ya beseni la maji. Akarudia kusoma jumbe zote mbili mpaka mwisho. Wa kwanza alimtaja mzee kwa jina moja, wa pili kwa jina jingine, wala majina hayo hayakukaribiana hata kwa herufi. Akamwinulia mzee uso, akamwita kwa jina la kwanza.

"Naam," mzee akaitika.

Akamwita kwa la pili.

"Naam."

Kwa kujaribu tu, akamwita kwa jina la mpishi, ambaye alikuwa mwanamke na yuko jikoni anaosha sufuria.

"Naam, mama," mzee akasema kwa adabu ileile, akasubiri kuambiwa anachotakiwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya wazee waliopotea. Matroni, muuguzi mstaafu, aliianzisha na wenzake wachache baada ya kuchoka kuona wazee wakilazwa wodini miezi na miezi, si kwa ugonjwa bali kwa kukosa wa kuwarudisha kwao. Ilikuwa na vyumba vinne, baraza, vitanda kumi na kimoja na dirisha moja kubwa linalotazama karakana ya mafundi magari. Mzee huyu aliletwa na askari, aliyemkuta amekaa kwenye ukumbi wa abiria stendi, amevaa mashati matatu moja juu ya jingine chini ya koti, hajui anakwenda wala anatoka wapi.

Zamani Matroni angetembea na picha mkononi, aulize sokoni, aulize kwenye nyumba za ibada, abandike karatasi kwenye kuta. Ila mwenyekiti wa kamati yao alikuwa ameshikilia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. "Taasisi zote sasa ziko mtandaoni," alisema kikaoni. "Hapa kwanza panahitajika wifi."

"Wifi si yupo?" mpishi aliuliza, akimnyooshea kidole dada wa marehemu mume wa Matroni. Kikao kizima kikaangua kicheko, na huyo wifi akacheka kuliko wote. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu, na wateja wake wote aliwapata kwa kupiga picha mitindo na kuitupia mtandaoni. Basi kazi ikaangukia kwake. Akaufungua ukurasa wa nyumba kwa dakika chache, akampiga mzee picha nne, akamwandikia maelezo marefu: kovu juu ya nyusi ya kushoto, kidole kidogo cha mguu wa kulia hakipo, koti la kijivu lenye kiraka kiwikoni, alikutwa stendi. Asubuhi yake picha zilikuwa zimesambazwa na watu elfu tatu ambao Matroni hakuwafahamu hata mmoja. Kuna waliolia kwenye maoni. Kuna waliotukana watoto wa mzee. Mmoja aliuliza koti lilinunuliwa wapi.

"Wifi," Matroni alisema jioni hiyo, amesimama mlangoni pa saluni na simu mkononi, "sasa wamekuwa watatu."

"Watatu nani?"

"Wenye mzee. Huyu wa mwisho ni kijana, anasema ni baba yake mzazi."

Msusi akaacha kichwa cha mteja nusu. "Wote wametaja kovu?"

"Kovu, kidole, koti, kila kitu. Hakuna aliyekosea hata kimoja."

"Basi wapigie simu ya video, wifi yangu. Uso hausemi uongo."

Kesho yake asubuhi wakafanya hivyo, msusi ameshika simu, Matroni ameshika bega la mzee. Ila uso ulisema mambo matatu tofauti. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo. Alipomwona mzee alishika mdomo kwa mikono miwili, hata simu yake ikaanguka, wakabaki wanatazama dari. Aliporudi alikuwa analia kwa kwikwi. Baba yake, alisema, aliondoka nyumbani kupeleka redio kwa fundi, hakurudi tena.

"Baba, ni mimi."

"Naam, mwanangu," mzee akasema, na macho yake yakalowa. Matroni akapangusa ya kwake kwa ukingo wa aproni.

Wa pili, aliyejiita mtoto wa kaka yake, alikuwa fundi cherehani. Alitokea kwenye kioo na tepu ya kupimia shingoni, akamtazama mzee, kisha akacheka. Akacheka mpaka akainama juu ya meza. Mzee naye akacheka. Hawakusema la maana. Fundi akaahidi kuja mara atakapomaliza sare za shule alizoahidi, akakata simu. Matroni hakupendezwa. Mtu anamkuta ndugu yake aliyepotea, anacheka kama anatazama kichekesho?

Wa tatu hakutaka kuonekana sura. Alisema kamera yake ni mbovu, ila sauti yake ilikuwa laini kama ya mtangazaji. "Baba, vipi hali?" Mzee akaitika naam.

"Unaona?" msusi akanong'ona. "Mwalimu ndiye. Yule mwingine hata chozi hana."

Matroni pia aliona hivyo, au alitaka kuona hivyo. Akampigia mwalimu akamwambia aje. Mwalimu akajibu kwamba yuko njiani kuelekea stendi.

Mchana wakati wa chai ndipo Matroni alipoanza kuhangaika. Alikaa barazani na kusoma tena jumbe zote tatu, tangu ya kwanza. "Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto." "Kovu juu ya nyusi ya kushoto." "Mzee wetu ana kovu juu ya nyusi ya kushoto." Hata mpangilio ulikuwa uleule: kovu, kisha kidole, kisha koti. Watu hawa hawakuwa wakimwambia kitu chochote. Walikuwa wakimrudishia maneno ya ukurasa wake mwenyewe, na yeye akiyapokea kama ushahidi! Tena hata mkweli angeandika vivyo hivyo. Sasa amtambueje?

"Haya, ona tena!" mpishi akalalamika akiwa na birika mkononi. "Kila siku ni hivi. Anadhani vikombe vyangu vichafu."

Mzee alikuwa amekigeuza kikombe mdomo chini. Akakigonga kitako mara mbili kwa kidole, akakigeuza, akapuliza ndani, ndipo akakinyoosha apewe chai.

Matroni akasimama wima. Hilo halikuandikwa popote.

Akampigia kwanza yule mwenye sauti laini. "Kuna jambo mzee analifanya kila anapotaka kunywa kitu. Ni lipi?"

"Mama, kwani huu ni mtihani? Mimi nataka baba yangu. Mkabidhini tu kwa dereva nitakayemtuma."

"Niambie, kisha utamchukua."

Simu ikakatika. Walipoutafuta ukurasa wa kijana huyo jioni, haukuwepo. Matroni alijiuliza mtu mwovu atamtaka mzee asiyejijua kwa kazi gani, akakumbuka wazee aliowahi kuwaona wakikalishwa juani kwenye makutano ya barabara, mbele yao bakuli, nyuma yao mtu amejibanza kivulini.

Akampigia mwalimu. Simu haikupatikana, pengine chaji ilikuwa imeisha njiani. Akampigia fundi cherehani, akamuuliza swali lilelile.

Fundi akacheka tena. "Bado anagonga kikombe? Ah, baba mdogo! Miaka thelathini ameendesha mashine ya kusaga nafaka. Mle ndani ukiacha kikombe dakika moja kimejaa vumbi la unga. Hata alipostaafu tukamhamishia huku kwangu, aliendelea kugonga." Kisha sauti ikabadilika. "Miezi mitatu sasa. Alitoka akasema anarudi mashineni. Nimemtafuta mpaka mochwari, Matroni. Nisamehe kwa kucheka. Mimi nikizidiwa huwa nacheka. Hata msibani watu hunitoa nje."

Matroni alipoweka simu chini hakujua afurahi au alie. Mwenye mzee amepatikana. Na barabarani kuna mwanamke anakuja mbio kwa baba asiye wake, kwa sababu yeye amemwita.

Mwalimu alifika kesho yake saa nne asubuhi, na begi dogo na vumbi la safari miguuni. Matroni alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia. Alipomfungulia mlango, yote yakayeyuka. Mwalimu akapita kama hamwoni, akasimama mbele ya mzee aliyekuwa ameketi dirishani akitazama mafundi wakifungua gurudumu.

"Baba," akamwita.

"Naam, mwanangu. Karibu."

Mwalimu akamtazama kuanzia kichwani hadi magotini. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu, akamshika mkono. Akamsimulia habari za nyumbani: nani ameolewa, ukuta gani umeanguka, darasa lake lina watoto wangapi. Mzee akawa anasema "eeh" na "haya" na "vizuri sana." Saa nzima ikapita, na ya pili ikaanza. Mara mbili Matroni alikwenda mpaka mlangoni akarudi jikoni.

"Kamwambie," mpishi akasema.

"Nimwambie nini? Nianzie wapi?"

Hatimaye akaenda, akapiga magoti mbele yake. "Mwalimu, nina neno zito. Nimekosea. Huyu mzee..."

"Si yeye," mwalimu akasema. Hakuwa analia. "Nilijua tangu pale mlangoni. Baba yangu ni mrefu, akikaa magoti yake yanapanda juu. Kwenye simu sikuweza kuona."

"Sasa mbona..."

"Aliniita mwanangu." Akaupapasa mkono wa mzee. "Miaka tisa hakuna aliyeniita hivyo. Nikasema ngoja nikae kidogo."

Matroni akabaki vilevile kwenye magoti, na mwalimu ndiye aliyemshika kiwiko akamwinua.

Siku iliyofuata fundi cherehani akaja. Alileta suruali mbili na shati alizoshona bila kupima, zikamkaa mzee sawasawa, hata pindo la mguu. Akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mzee alimtazama sana, akamgusa tepu shingoni, akasema, "Unga umekwisha?" na fundi akamjibu, "Umekwisha, baba mdogo, twende nyumbani." Wakaondoka wameshikana mikono. Mwalimu, aliyekuwa amelala kwa msusi usiku ule, aliwasindikiza mpaka getini.

Kabla ya kuondoka naye alitoa kwenye begi picha ya baba yake, imekunjika kwenye pembe. "Iwekeni kwenye ukurasa wenu."

"Na tuandike nini?" msusi akauliza.

Mwalimu akafikiri. "Andikeni kimo, na mwaka alioondoka. Alama zake nyingine nimezificha mimi. Atakayesema amemwona, mnipe nimuulize."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba: kila mzee huandikwa alama chache, na moja hubaki daftarini, haitoki. Mwalimu akaomba apewe kazi ya kujibu jumbe, na huko huko aliko, kila Jumamosi, huketi na simu yake akawauliza watu maswali kwa upole. Wazee watano wamesharudi kwao. Kuhusu baba yake zimekuja jumbe kumi na nne, na zote hazikuwa kweli.

Mwenyekiti husema kikaoni kwamba mtandao umewafaa, na mikono hupigwa. Matroni hupiga pia, lakini kwa kuchelewa. Bado hajui lililo jema katika jambo hilo ni lipi hasa, na amekwisha acha kumuuliza msusi, kwa kuwa msusi naye hajui. Wiki iliyopita ujumbe wa kumi na tano uliingia Matroni akiwa anatandika kitanda. Alisimama na shuka mkononi, akausoma mara tatu, kisha akautuma kwa mwalimu bila kuongeza neno.