Ua la Amani Katika Nyumba ya Kununiana

Aliyeliita lile ua "ua la amani" hajawahi kuishi na mume wangu.

Binti yetu alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Lilikuja kwenye kopo la plastiki, naye akalitumbukiza ndani ya chungu cha kauri cha bluu, kizuri, kisicho na tundu chini. Akaliweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, mahali penye mwanga lakini jua halipigi, kisha akanifundisha. Maji mara moja kwa wiki, na kabla ya hapo chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa bado mbichi, achana nalo. Maji ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo, la sivyo ncha za majani zitaungua. Likishikwa na kiu linazirai, majani yote chini, ungedhani limefiwa. Ukilinywesha asubuhi, alasiri limesimama. Nikamwambia ua lake lina madeko kama mwenyewe.

Halafu akaleta habari kwamba anaolewa na kinyozi. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita, na mpaka leo akitaka chumvi anagonga meza kwa kidole kama darasa linapiga kelele. Akasema hakusomesha mtoto ili alishwe kwa nywele za watu, na anayemtaka kinyozi akaishi huko kwa kinyozi. Binti alifunga begi moja, na pale mlangoni akanishika mkono.

"Mama, nitunzie ua langu. Likichanua nipigie, nitakuja kulichukua."

Mimi nilimwelewa. Alikuwa anajiachia njia ya kurudi bila yeye kuomba radhi, na bila baba yake kuombwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: ua lichanue.

Tangu siku ile nilimnunia yule bwana. Chakula mezani, shati limepigwa pasi, maneno hakuna. Ikibidi sana niliuambia ukuta: gesi imeisha. Naye aliujibu ukuta kwamba amesikia. Tukaishi hivyo miezi na miezi, watu wazima wawili, aibu tupu.

Ua nililimwagilia jioni, baada ya kutoka kwenye cherehani yangu, yeye akiwa ameenda kucheza drafti na wastaafu wenzake. Nilimficha makusudi. Sikutaka anione nikimngoja mtoto, akapata cha kuringia.

Mwezi wa saba majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Siku moja nikalikuta limezirai lote. Nikalinywesha, nikangoja; kesho yake lilikuwa limelala vilevile. Nikaongeza maji. Habari ya kidole ilinitoka kabisa kichwani, maana kichwa kilikuwa kimejaa kitu kingine: huyu mtu analiua ua la mwanangu. Asubuhi nzima yuko nalo peke yake. Analimwagia chumvi, nikasema, au maji ya sabuni, ili mtoto asipate sababu ya kurudi. Wala sikuwa na shaka. Nikampigia binti simu, nikamwambia baba yake ameliua.



"Basi, mama," akasema. "Sasa nimejua ananichukia kiasi gani."

Siku tatu baadaye umeme ulikatika kazini nikarudi nyumbani asubuhi ileile. Mume wangu alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya kabati, miwani puani, mkononi kikombe chake cha chai kimejaa maji. Anamimina taratibu. Kisha akatoa leso, ile niliyompigia pasi mwenyewe, akaanza kupangusa jani moja moja, huku akiliambia ua kwa sauti ya kule shuleni kwamba linamwangusha, na kwamba yeye haridhiki na juhudi zake. Nilisimama mlangoni na mkoba begani.

Nikamuuliza ameanza lini. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa miezi mingi.

"Tangu alipoondoka," akasema. "Kikombe kimoja kila asubuhi. Nilidhani wewe umelisusa. Sijakuona hata siku moja ukilipa maji."

Tukalishusha pamoja. Kopo la plastiki lilikuwa linaogelea ndani ya kile chungu cha bluu; nilipolinyanyua, uvundo ulitupiga wote wawili usoni. Mizizi ilikuwa myeusi, inakatika mkononi kama tambi zilizochacha. Ua likizama linazirai sawasawa na ua lenye kiu, na sisi kila tulipoliona limelala tuliliongezea. Yeye asubuhi, mimi jioni. Tulilizamisha kwa zamu.

Mume wangu akakaa kwenye stuli, kikombe bado mkononi. Akasema alimsikia binti siku ile pale mlangoni, na alikuwa anangoja lichanue kama mimi.

"Mpigie, mama," akaniambia. "Mwambie nilikuwa namwagilia. Mimi hapokei simu zangu."

Nikamjibu nitapiga kesho.

Kesho ikafika. Nikawaza nitasemaje. Niseme baba yako alilipenda ua lako, na mimi mama yako nimekudanganya? Mtoto ana mzazi mmoja tu anayemwamini duniani. Nikaiweka simu chini, nikajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ina wiki ijayo nyingine, na mimi ni mwoga, nimeshajijua.

Mume wangu akanunua ua jingine la namna ile ile. Safari hii akatoboa chungu tundu. Kila Jumamosi anachomeka kidole kwenye udongo, anatafakari kama anasahihisha mtihani, ndipo anamwagilia. Na kila Jumamosi ananiuliza kama nimempigia. Namwambia hapokei. Anaitikia kwa kichwa, anasema mtoto ana haki ya kukasirika, anaenda kukaa.

Leo asubuhi aliniita sebuleni. Katikati ya majani ua jeupe lilikuwa limefunguka, moja tu, limesimama wima. Amevaa shati lake la sherehe, yule mzee, saa mbili asubuhi. Sebule ameifagia mwenyewe. Akanipa simu kwa mikono miwili, akaniomba nijaribu tena, labda siku hii atapokea.

Nikaiweka sikioni. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, yeye akinitazama mdomoni.

Nikamwambia hapokei. Sikuwa nimebonyeza hata namba moja.