Mwenye Shughuli Ni Nani?

Joy Kitsao alikuwa karani Kilindini, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, hadi mwaka wa 1996 alipoamua kwamba kazi yake hasa ni kuandaa hafla. Mkubwa wake, Musyoka, alicheka hadi akavua miwani. "Nenda, Joy, lakini kiti chako nakuwekea. Utarudi tu." Joy akachukua mkoba wake, akatoka. Kuna watu wa kujibiwa kwa mdomo na kuna wa kujibiwa kwa vitendo, na Musyoka alikuwa wa pili.

Mapenzi ya kazi hiyo aliyapata utotoni, kwenye nyua za Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, ambako mamake, Kavumbi wa Majengo, alikuwa akiitwa kuosha masufuria ya harusi. Mama akisugua, mtoto akichungulia. Alimwona mwenye shughuli akiinua nyusi tu, na sinia zikaanza kutembea, ngoma zikanyamaza, bibi harusi akatolewa. Wasichana wengine walitaka kuwa bibi harusi. Yeye alizitaka zile nyusi.

Sasa Aidarus, muuza leso, alikuwa amempa kazi yake ya kwanza. Leso mpya zimefika, na wanawake wa Mji wa Kale waje ukumbini Jumamosi alasiri wazione, kwa taarab na halwa. "Ukumbi ukijaa," Aidarus alisema, "shughuli za duka langu mwaka mzima ni zako. Usipojaa, mwanangu, tutabaki kusalimiana njiani."

Joy akachapisha kadi, na kadi zenyewe si mchezo! Nyeupe pepepe, maandishi ya dhahabu, jina la duka juu. Zikapelekwa kila nyumba. Alhamisi akapita Kibokoni kusikiliza watu wanasemaje, akamkuta Bi Mwanasha, mpika mahamri, amekaa mlangoni pake akipepea makaa kwa kadi ya dhahabu.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Kadi yako nzuri, mashallah. Yapepea vizuri."

Joy akachuchumaa kando ya jiko. "Jumamosi utakuja?"

"Nije wapi? Mimi sikualikwa."

"Na hiyo kadi?"

"Hii ni karatasi. Mtu hualikwa kwa mdomo, mlangoni pake, kwa jina la mwenye shughuli. Wewe umekulia nyuani mwetu, hayo huyajui? Haya, mwenye shughuli ni nani?"

"Duka la Aidarus."

"Lo! Duka lina mama? Lina shangazi? Nikifika nimpe nani mkono, kabati la leso?"

Joy hakucheka. Aliyajua hayo yote tangu utotoni, na ndiyo maana moyo ulimuuma. "Bi Mwanasha, jina langu nimelificha makusudi. Mimi ni Mgiriama wa Majengo, Mkristo, mtoto wa muosha masufuria. Naona haya. Nani wa Kibokoni atakuja kwenye shughuli yangu?"

Bi Mwanasha aliitupa kadi makaani. "Wacha upuzi. Sote hapa tumekula katika sahani alizoosha mamako. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza aseme kwao ni wapi. Ngoja nichukue buibui langu."

Wakatoka wawili, nyumba kwa nyumba, siku hiyo na siku ya pili. Milango ya kwanza Bi Mwanasha ndiye aliyesema, Joy akiwa nyuma yake. Kisha akamsukuma mbele. "Hodi!" Joy akaita. "Ni Joy wa Kavumbi. Jumamosi alasiri nina shughuli yangu, na nawaalika nyote, wakubwa kwa wadogo." Kila mlango sauti ilipanda kidogo. Kufika nyumba za mwisho alikuwa akialika kama mtu anayeoza binti yake wa kwanza.

Jumamosi viti vilipangwa, wapiga taarab wakakaza nyuzi, na ukumbi ulikuwa mtupu. Aidarus, aliyesimama nje kibarazani, aliitazama saa yake mara ya tatu. "Wako wapi watu, Joy?"

"Watakuja," Joy alisema, na nyusi zake hazikutikisika. "Nimewaalika mwenyewe."

Walikuja baada ya sala, kama ilivyo ada yao, kwanza watatu, kisha kichochoro kizima kikawa cheusi kwa mabuibui. Viti vikajaa, watoto wakapakatwa, mabinti wakasimama ukutani. Aidarus akasahau saa. "Joy, leso za Idi zafika mwezi ujao. Anza kupanga!" Ndipo Joy alipomkumbuka Musyoka na kile kiti alichomwekea; sasa mkubwa huyo angeweza kumpa karani mwingine.

Lakini mamake hakuwa ukumbini. Joy akamtafuta, akamkuta uani, ameingia kwa mlango wa nyuma, leso imefungwa kiunoni, akiangaza macho huku na huku.

"Masufuria yako wapi?" Kavumbi aliuliza.

"Mama, leo husugui kitu. Twende mbele, ukapokee watu."

"Mlango ule si wangu, mwanangu."

"Ni wako. Shughuli ni yangu."

Akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu wote hadi mlango wa mbele, ambako Bi Mwanasha alikuwa ndiyo kwanza anafika. Bi Mwanasha alinyoosha mkono. "Hongera, mama mwenye shughuli."

Kavumbi aliufuta mkono wake kwenye leso kabla ya kuupokea ule wa mwenzake, ingawa siku hiyo wake haukuwa na maji.